Rimu za Ndai Yako Zimechoka? Hivi Ndivyo Utazipuliza Rangi Mwenyewe Mtaani Bila Kuchoma

Ndai imeoshwa, imepigwa waksi, ndani inanukia freshi na ngoma zinadunda vile unataka. Halafu msee anainama kidogo, macho yanafika kwa rimu, luku yote inaisha. Zimekwaruzwa pande zote, zina madoa meupe kama ukurutu, na vumbi la breki limekuwa rangi ya pili.

Hii ni kawaida. Gari nyingi tunazoendesha Kenya zilitumika Japani miaka kadhaa kabla zishuke meli pale Mombasa, kwa hivyo hata rimu zilikuja na historia yao. Ongeza mashimo ya barabara zetu, kingo za saruji za maegesho ya tao, na ile mikwaruzo ya kugeuza gari kwa ploti ya watu kumi na wawili. Rimu ya aloi itazeeka tu.

Habari njema ni kwamba kuzipuliza rangi upya si uchawi. Unaweza kuzifanya kwako, kwa mikebe ya kupuliza, na zitoke fiti kabisa. Lakini kuna kitu lazima tuambiane mapema: rangi inaficha, haitibu. Kwa bodi ya gari, kuficha kunaweza kukuharibia sura tu. Kwa gurudumu, kuficha kunaweza kukutoa barabarani ukiwa unakimbia 100 pale Thika Road.

Kwa hivyo kabla uingie dukani kuuliza bei ya rangi, anza hapa.

Kwanza, hii rimu inastahili rangi kweli?

Toa gurudumu, ligeuze, uangalie upande wa nyuma. Huko ndiko ukweli uko. Watu hupenda kuangalia uso wa rimu kwa sababu ndio unaonekana, lakini nyufa nyingi za mashimo huanza kwa ukingo wa ndani, ule unaotazama breki. Osha vizuri kwanza, washa tochi ya simu, pitisha mwanga polepole ukizungusha. Ufa unaweza kuwa mwembamba kama unywele.

Kama gurudumu limekuwa likipoteza hewa mos mos na fundi wa pancha haoni msumari, jaza hewa halafu pakaza maji ya sabuni pande zote za rimu. Povu likitoka kwa chuma chenyewe, hiyo rimu ina ufa au kitundu. Povu likitoka pale tairi inapokutana na rimu, huenda ni kutu ya aluminiamu imekula mahali pa kukalia tairi, na hiyo inaweza kusafishwa tairi ikitolewa.

Halafu kuna kupinda. Kama usukani hutetemeka ukifika mwendo fulani, inua upande huo kwa jeki, zungusha gurudumu kwa mkono, na ushikilie kijiti karibu na ukingo wa rimu bila kugusa. Nafasi kati ya kijiti na rimu ikibadilika badilika, rimu imepinda. Rangi haitanyoosha.

Rimu yenye ufa usiipake rangi, na usiijaze puti ndio ipendeze. Puti ni ya mikwaruzo ya juu juu tu. Haina nguvu yoyote ya kubeba gari. Ufa huendelea kukua chini ya rangi bila wewe kuona, na siku ikipasuka unapoteza hewa yote kwa mara moja. Tafuta rimu nyingine, hata kama hazitafanana kwa muda. Afadhali uchekwe.

Pia kuna rimu ambazo si za kufanyia nyumbani. Zile za kromu zinashikilia rangi vibaya sana mpaka kromu yenyewe itolewe. Zile zenye uso uliokatwa kwa mashine, unaona mistari myembamba inayong'aa, ukizipiga msasa ule mng'ao hautarudi kwa mkebe. Hizo zitabaki rangi moja, kwa hivyo amua kama uko sawa na hiyo.

Vitu vya kununua

Wengi hutumia doo yote kwa rangi halafu wanabaki bila kitu cha kutayarisha rimu. Geuza hiyo hesabu. Kwa rimu nne za gari ndogo kama Vitz au Demio, jipange hivi:

- Sabuni ya kukata grisi, brashi ndogo, na mswaki wa zamani.
- Msasa wa maji, ile karatasi nyeusi tunaita sandipepa: namba 180, 320, 400 na 600.
- Puti kidogo ya chuma, kama kuna mikwaruzo.
- Spiriti au kisafishaji cha grisi cha mafundi wa rangi.
- Tepu ya karatasi ya kufunikia na magazeti ya kitambo. Mifuko ya plastiki tulishaisahau tangu marufuku ya 2017.
- Seti ya karata. Hapana, si za kucheza. Utaona.
- Mikebe miwili ya praima, miwili au mitatu ya rangi ya rimu, na miwili ya klia, ile ya kumalizia isiyo na rangi. Mkebe wa kawaida ni mililita 400.
- Glavu, miwani ya kukinga macho, na barakoa yenye vichujio vya mvuke wa rangi.

Hiyo barakoa ya mwisho si ya kubahatisha. Zile za kitambaa tulizobaki nazo tangu korona hazizuii mvuke wa rangi hata kidogo.

Kitu kingine dukani: klia ziko za aina mbili. Ya kwanza iko tayari ndani ya mkebe, unatikisa na kupuliza. Ya pili ina kigumishi ndani, unabonyeza kitufe chini ya mkebe ndio vichanganyike. Hii ya pili inakuwa ngumu sana na inastahimili petroli na kemikali za kuosha gari. Shida yake ni kwamba kigumishi chake kina isosianeti, kemikali inayoweza kukuachia ugonjwa wa pumu. Kama huna barakoa ya maana na mahali pa wazi, chukua ya kwanza. Haitadumu sawa, lakini mapafu yako yako mawili tu.

Praima nayo: kama msasa utafika kwa aluminiamu tupu, uliza praima ya kung'ata chuma, inayotengenezwa kwa ajili ya aluminiamu. Praima ya kawaida ya mabati inaweza kubanduka kama ngozi ya kitunguu.

Chagua siku, chagua mahali

Rangi ya mkebe inapenda hali ya hewa kavu na joto la wastani, kati ya nyuzi 15 na 25. Kwa Nairobi, asubuhi za Julai ni ngori. Mkebe ukiwa baridi unatema matone badala ya ukungu laini, na unyevu hewani unaifanya klia iwe nyeupe kama maziwa. Subiri saa nne asubuhi, ukamilishe kabla ya saa tisa. Januari na Februari mambo huwa rahisi zaidi.

Kama uko Mombasa au Malindi, adui yako ni chumvi. Upepo wa bahari unaiweka kwa kila kitu, kwa hivyo osha rimu kwa maji safi na usiiache usiku kucha kabla ya praima. Wasee wa Kisumu, fanyeni asubuhi, maana mnajua ile mvua ya jioni.

Usipulizie kwenye jua kali moja kwa moja pia. Rangi inakauka juu kabla ya chini, na unapata malengelenge.

Sasa mahali. Kama unaishi kwa ploti, hii ndiyo sehemu inayoleta vita. Ule ukungu wa rangi husafiri na upepo, na unaweza kutua kwa gari la jirani, kwa nguo za mama watoto zilizoanikwa, ama kwa ndai ya landilodi mwenyewe. Ongea na keateka mapema, nenda kona iliyo mbali na magari, na ujengee rimu kibanda cha katoni pande tatu. Siku ya upepo, wacha tu.

Na moto weka mbali. Gesi inayosukuma rangi nje ya mkebe inashika moto haraka. Hakuna sigara, hakuna jiko, hakuna msee anachoma mahindi karibu. Mikebe isiachwe ndani ya gari kwenye jua, kwa sababu imeandikwa wazi isizidi nyuzi 50.

Kutoa gurudumu bila kujiumiza

Egesha mahali palipo sawa, vuta handibreki, weka mawe nyuma na mbele ya magurudumu yaliyobaki chini. Legeza nati kidogo gari likiwa bado chini, halafu ndio uinue kwa jeki. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa sekunde tano kuokota nati.

Huna vyuma vya kuegemeza gari? Tumia gurudumu la spea. Toa moja, weka spea mahali pake, shusha gari, fanya rimu hiyo mpaka imalizike, halafu nenda kwa nyingine. Itakuchukua wikendi kadhaa, lakini gari litakaa salama kwa magurudumu manne. Kama spea yako ni ile nyembamba, iache gari liegeshwe tu. Zile haziruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na hazikutengenezwa kuzungukia mtaa wiki nzima.

Kuosha na msasa: hapa ndipo kazi iko

Lowesha vumbi la breki kwanza kabla ya kulisugua. Usilipulize kwa mdomo wala kwa hewa ya kompresa. Pedi za breki za kitambo zilikuwa na asbesto, na vumbi lolote la breki si la kuvuta. Likishalowa, sugua na sabuni mpaka maji yatoke safi. Suuza, rudia. Lami iliyokwama toa na kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, halafu osha tena na sabuni ili mafuta yaishe.

Angalia pia vile vyuma vidogo vilivyobandikwa ndani ya rimu. Hivyo ni vya balansi. Usivitoe. Kimoja kikidondoka, utahitaji kupeleka gurudumu likafanyiwe balansi upya.

Sasa msasa. Yale madoa meupe yanayotambaa kama minyoo chini ya klia ni aluminiamu inayoliwa. Ilianza pale jiwe lilipodonoa rangi, maji na chumvi vikaingia, kutu ikaanza kutambaa chini kwa chini. Ukipaka rangi juu yake, itaendelea kula na rangi yako mpya itainuka. Lazima uisage na namba 180 mpaka uone chuma safi, hata kama doa litakuwa kubwa kuliko ulivyodhani.

Mikwaruzo ya ukingo nayo ilainishe na 180, halafu 320. Palipo na shimo dogo, weka puti kidogo, iache ikauke kabisa, isage iwe sawa na rimu. Funga macho upitishe kidole. Kidole kikihisi mpaka, rangi itauonyesha mara mbili.

Baada ya hapo piga rimu yote msasa wa 400 ukitumia maji, kila kona, ndani ya kila mkono wa rimu na kuzunguka matundu ya nati. Lengo si kutoa rangi yote ya zamani. Lengo ni kuua mng'ao, kwa sababu rangi mpya haishiki kitu kinachoteleza. Palipobaki pakimetameta, ndipo patabanduka.

Malizia kwa kupangusa na spiriti ukitumia kitambaa safi. Kuanzia hapo usishike rimu na mkono mtupu. Mafuta ya vidole ni madogo lakini yanatosha kuharibu.

Karata zinaingia

Punguza hewa kidogo kwenye tairi, halafu chomeka karata moja moja kati ya tairi na ukingo wa rimu, zikilaliana, mpaka zizunguke duara lote. Hizo zitazuia rangi kufika kwa tairi, na ukingo utapata rangi vizuri kuliko ukitumia tepu. Tairi iliyobaki funika na gazeti. Valvu nayo izungushie tepu.

Halafu funika sehemu mbili ambazo wengi huzisahau, na ndizo hatari zaidi. Ya kwanza ni pale nati inapokalia ndani ya tundu lake. Ya pili ni sehemu bapa ya nyuma, pale rimu inapokutana na habu ya gari. Rangi nene ikikaa hapo, nati zinabana rangi badala ya kubana chuma. Ukishaendesha, rangi inasagika, inakuwa nyembamba, na nati zinalegea zenyewe. Hivyo ndivyo gurudumu linaweza kukupita barabarani likiwa linaenda zake. Tengeneza vipira vya karatasi uzibe matundu ya nati, na upande wa nyuma usiupulizie kabisa.

Kupuliza: mikono myepesi, haraka hapana

Tikisa mkebe kwa dakika mbili nzima tangu usikie kile kijiwe kikigonga ndani. Jaribu kwanza kwa kipande cha katoni. Shika mkebe sentimita 20 hadi 30 kutoka kwa rimu. Anza kupuliza kabla mkono haujafika kwa rimu, pitisha kwa mwendo mmoja, achilia ukishapita. Ukisimama mahali pamoja, rangi inatiririka kama machozi.

Anza na praima. Safu ya kwanza iwe nyembamba kiasi kwamba bado unaona rimu chini yake. Subiri dakika 10 hadi 15, piga ya pili, halafu ya tatu ikihitajika. Ikishakauka vizuri kulingana na maandishi ya mkebe, pitisha msasa wa 600 na maji kwa wepesi, kausha, pangusa.

Rangi yenyewe inafuata mtindo uleule: safu tatu nyembamba ni bora kuliko moja nzito. Anza na sehemu ngumu, yaani ndani ya mikono ya rimu na matundu, halafu umalizie uso. Geuza rimu robo kila safu, upulize ukitokea pande tofauti. Rangi ya fedha na ya bunduki husamehe makosa madogo. Nyeusi inayong'aa ni noma, inaonyesha kila chembe ya vumbi.

Klia weka safu mbili au tatu. Ya kwanza iwe ukungu tu, ya mwisho iwe na unyevu kidogo ndio ing'ae. Rangi ikitiririka, usiiguse. Iache ikauke mpaka kesho, isage na 600, upulize hapo tena.

Toa tepu na karata klia ikiwa bado haijagumu sana, ukivuta polepole kuelekea nje. Halafu uwe na subira. Iache angalau saa 24 kabla ya kurudisha kwa gari.

Kurudisha gurudumu

Jaza tairi hewa ufikie kipimo cha kawaida, kile kimeandikwa kwa mlango wa dereva. Weka gurudumu, kaza nati kwa mkono kwanza, halafu kwa mpangilio wa nyota: moja, kisha inayotazamana nayo, mpaka zote. Shusha gari ndio ukaze mwisho. Usizikanyage spana na mguu. Toyota ndogo kama Vitz zinataka nguvu ya 103 Nm, na kila gari lina kipimo chake kwenye kitabu chake. Kama huna spana ya kupima, pitia kwa fundi mwenye nayo, ni kazi ya dakika tano. Ukishaendesha kati ya kilomita 50 na 100, kagua nati tena.

Kwa wiki ya kwanza usipeleke gari kuoshwa kwa mashine ya presha, na waambie vijana wa kuosha wasitumie asidi ya rimu hata baadaye. Sabuni ya kawaida na sponji zinatosha.

Ukiwa unanunua rimu za mtu

Sasa kwa vile unajua kazi hii inafanywa vipi, unajua pia inavyoweza kutumiwa kukuuzia hasara. Ukienda Kirinyaga Road, pale wazee bado wanaita Grogan, ama ukipata dili ya rimu mtandaoni, ukakuta seti imepulizwa nyeusi tititi juzi, usifurahie haraka. Ligeuze kila moja. Tafuta alama za kuchomelea upande wa ndani, msasa ulioenda mahali pamoja tu, puti, au rangi nzito kwenye ukingo mmoja. Uliza mbona nyuma pia pamepakwa kama kazi ilikuwa ya urembo wa mbele. Muuzaji akikataa usizigeuze ama usizipeleke kwa balansi kabla ya kulipa, beba ganji yako uondoke.

Na siku wewe utauza zako, usiwe huyo msee. Kama rimu ina ufa, iuze kama chuma chakavu kwa wanaonunua aluminiamu kwa kilo. Kuna mtu ataweka familia yake juu ya hilo gurudumu akienda ocha Desemba, na hataona chochote zaidi ya rangi nzuri.